Ming'ongo Arobaini ya Damari

Asubuhi ya siku aliyokuwa akiposwa, Damari hakuwa jikoni wala kwa msusi. Alikuwa shambani, ndani ya gauni la kazi lenye tundu ubavuni, akipita katikati ya mistari ya miti yake kama mwalimu mkuu anayekagua gwaride. Mama yake, Mama Yustina, alikuwa amekwisha kumwita mara tatu. Shangazi zake walikuwa wamemaliza kuchambua mchele, wakahamia kumchambua yeye. Hakujali. Tangu juzi matumba yalikuwa yamevimba nchani mwa matawi, na alijiapiza kwamba ataona maua yake kwanza, ndipo aone wageni.

Miti yenyewe ilikuwa arobaini, yote ming'ongo. Naam, mng'ongo huu huu wa porini, ambao matunda yake huokotwa na mbuzi, na mpita njia akifyonza utamu hutupa kokwa na kwenda zake. Kwamba mtu mzima mwenye cheti cha chuo cha kilimo angeupanda kwa kamba na hatua, auwekee samadi na kuuzungushia uzio wa miiba, jambo hilo liliwachekesha watu wa kijiji kile chini ya mlima Sekenke kwa miaka minne mfululizo. "Singida nzima inalima alizeti, yeye analima pori!" walisema, wakapigana viganja.

Damari aliwaacha wacheke mpaka mbavu ziwaume. Alizeti inataka mvua, na mvua ya kwao huja inapojisikia. Mng'ongo haukumwomba mtu mvua. Ulisimama kwenye mchanga mkavu mwaka hadi mwaka, na ndani ya kila kokwa umeficha viini viwili vitatu vilivyojaa mafuta masafi, mepesi, yasiyochacha upesi. Kabla ya kupanda mti hata mmoja, alizunguka msimu mzima kutoka Sekenke mpaka Mgori, akipasua kokwa za ming'ongo thelathini na moja na kukamua viini vyake kwa mkono, hadi akajua kwa hakika ni upi ulioshinda yote. Mti huo ulikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Elisha, baba yake Sostenes, ambaye ndiye kijana aliyekuwa anakuja kumposa siku hiyo.

Hapa ni lazima nieleze kidogo, maana bila hili huwezi kuelewa kwa nini maua ya asubuhi ile yalimkalisha Damari chini. Mng'ongo haupandwi kwa kokwa ukatumaini kupata mzazi wake. Unaweza kupanda kokwa ya tunda tamu ukapata mti wa matunda machachu. Tena miti hii ina madume na majike, na dume hazai hata umwagilie maziwa. Dawa yake ni kubebesha: unakuza miche ya kawaida, unaikata vichwa, unaifungia vijiti vya mti unaoutaka, vile wanavyoviita vikonyo. Vikishika, mti mzima unakuwa ule ule uliouchagua. Vikonyo hukatwa kiangazi, wakati mng'ongo hauna jani wala ua, na aliyemletea Damari vikonyo arobaini kutoka kwa Mzee Elisha, bila mzee kujua maana alikwisha kumkatalia mara mbili, vimefungwa kwenye gunia lenye unyevu, alikuwa Sostenes.

Sasa maua yalikuwa yamefumbuka.

Mng'ongo jike hutoa maua machache, mafupi, ya kutafutwa kwa macho. Dume hutoa mikia mirefu inayoning'inia kila upande, mingi ya kujionyesha. Mti wa kwanza ulikuwa na mikia. Damari akatabasamu kwa shaka, akasogea wa pili. Mikia. Wa tatu, mikia. Akaanza kukimbia. Alipofika mwisho wa mstari wa mwisho alikuwa anahema, na nyuki walikuwa wanavuma juu ya kichwa chake kwa furaha isiyomhusu. Arobaini yote ilikuwa madume.

Alikaa chini kwenye mchanga. Hakulia. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kutolia mbele ya watu wanaosubiri alie. Lakini moyo ulimwuma, uliuma kweli kweli. Kila mti pale aliubebea maji kichwani katika kiangazi chake cha kwanza.

"Nilijua nitakukuta huku."

Sauti ile aliijua hata akiwa usingizini. Sostenes alikuwa amesimama kwenye uzio, shati jeupe limenyooshwa mpaka linakata, ndevu zimechongwa, harufu ya sabuni ikimtangulia. Alifanya kazi kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu kule mgodini, na siku nyingine zote alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia kope hadi kucha. Leo aling'aa. Macho yake yalipotua juu ya Damari yakalainika kama yalivyofanya siku zote, na Damari, pamoja na maumivu yake, akahisi mwili unamsaliti kidogo. Alimpenda mtu huyu. Ndiyo iliyokuwa shida yenyewe.

"Hairuhusiwi anayeposa kumwona anayeposwa kabla ya saa nane," Sostenes alisema akicheka. "Lakini nimeshindwa. Nimemwacha baba anafunga tai, nikachomoka na pikipiki."

"Njoo uone maua," Damari alisema.

Akaja. Akatazama juu. Na Damari hakuyatazama maua, alimtazama yeye usoni. Aliona kicheko kinavyokatika, akaona shingo inavyomeza mate. Hakuona mshangao, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Ulijua," alisema taratibu.

"Damari..."

"Sostenes, ulijua!"

"Nisikilize kwanza."

"Vikonyo vyangu ulivikata mti gani?"

Sostenes alishusha macho kwenye viatu vyake vipya. "Pale nyumbani iko miwili. Mmoja nyuma ya nyumba, ule wa bibi mzaa baba. Mwingine uko zizini. Siku ile nilipokwenda na panga, baba alikuwa amekaa chini ya ukuta wa nyuma anachonga mpini. Hakuondoka mchana kutwa. Na wewe ulisema vikonyo vinatakiwa siku hiyo hiyo, miche ilikuwa tayari. Nikasema, yote ni ming'ongo ya kwetu, haina majani, inafanana. Nikakata wa zizini."

"Na ukaniambia umekata wa bibi."

"Nilitaka ufurahi. Sikujua kama miti nayo ina madume na majike. Mimi mtu wa mawe, ningejulia wapi?"

Damari alitikisa kichwa. "Hilo ningelisamehe hata leo. Umekosea, basi. Lakini ulijua lini?"

Sostenes akachimba mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Lini, Sostenes?"

"Mwaka juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Walipokuja wale akina mama wa Mkalama kujifunza. Uliwaeleza habari za dume na jike, mimi nimesimama pale mlangoni mwa stoo. Nilivyorudi nyumbani nikaenda kuutazama ule mti wa zizini. Haujawahi kuwa na tunda hata moja chini yake. Nikaelewa."

"Miaka miwili." Damari aliinuka, akajikung'uta mchanga. "Miaka miwili umeniona napalilia, napogoa, nasimulia watu. Umeniona nawaambia wanakijiji, cheka tu, mtakuja kuomba mafuta. Ukanyamaza."

"Niliogopa kukupoteza! Ungejua ungenifukuza. Mapenzi yangu kwako si ya uongo, Damari. Nani alikuundia mashine ya kupasulia kokwa? Nilikaa mwezi mzima nikichomelea vyuma vya karasha bovu, mikono ikaungua."

"Mashine ya kupasulia kokwa zipi, Sostenes? Za dume?"

Lilikuwa neno kali na Damari alijua ni kali, ila hakulirudisha.

Sostenes akasogea, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu na cha moto, kiganja ambacho Damari alikuwa amekizoea kuliko cha ndugu zake. "Lakini dawa ipo," alisema kwa haraka, kama mtu aliyekesha nayo. "Leo tunaposa. Harusi ni baada ya mavuno. Ukishakuwa mkwe wa nyumba ile, nani atakuzuia kukata mti wa bibi? Utakuwa wako. Tunabebesha upya kimya kimya, na hakuna atakayejua. Wewe leo ukiulizwa, sema ndiyo tu."

Damari aliutoa mkono wake. Hakuunyakua. Aliutoa polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mimi niolewe ili nipate vijiti?"

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Unataka niingie kwa baba yako kwa mlango wa mbele, halafu nimwibie tena kwa mlango wa nyuma. Sostenes, miti hii nimeipanda mchana, watu wakiona na kunicheka. Sitaitengeneza kwa kujificha." Alimwangalia sawasawa machoni. "Saa nane nitaitwa sebuleni niulizwe kama nawajua wageni. Kabla sijajibu, wewe utasimama useme ulichofanya. Mbele ya baba yako na mbele ya baba yangu."

"Baba ataondoka. Unamjua baba."

"Aondoke."

"Na wewe utaniacha niaibike mbele ya ukoo?"

"Mimi nimesimama kwenye aibu yako tangu jua lilipotoka," Damari alisema. "Saa nane."

Sostenes akageuka. Damari alisikiliza pikipiki mpaka ilipopotelea upande wa mlimani, ndipo akauma mkono wake ili asimwite arudi.

Mama Yustina alimvalisha kitenge bila kuuliza kitu. Alikuwa amekwisha kuyasoma macho ya mwanawe. Ni mpaka alipokuwa akimfunga kilemba ndipo aliposema, "Shida ni mti au ni mtu?"

"Vyote viwili, mama."

Akamweleza. Mama alisikiliza, pini mdomoni, akachomeka ya mwisho na kurudi nyuma kumtazama.

"Mwanangu, mti ukiharibika utapanda mwingine. Na mume je?"

"Na mume pia, mama."

Mama Yustina alishikwa na kicheko, akakizuia kwa kiganja shangazi wasisikie. Halafu macho yakamlowa. "Umefanana na baba yako mpaka unatisha. Nenda. Ila ukikataa, kataa kwa heshima. Nimepika kuku wanne."

Wageni waliingia saa nane na dakika tano. Mbele alikuwa mshenga, Mzee Alphonce, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko nyama. Nyuma yake Mzee Elisha, mrefu, tai imemkaba, mtu ambaye kijiji kizima kilijua hajawahi kuomba radhi kwa kiumbe chochote. Sostenes alikuwa wa mwisho, uso umepauka. Baba yake Damari, Mzee Damiani, aliwakaribisha, na salamu zikazunguka kama zinavyotakiwa, kila mdogo akimpa shikamoo kila mkubwa, hapana aliyerukwa.

Mzee Alphonce akalianza lake. Alisema wao ni wafugaji, mtamba wao amepotea, wamefuata nyayo mbugani, wakapanda na kushuka mlima, nyayo zikaishia kwenye ua wa Mzee Damiani. Mzee Damiani naye akasema yeye hajaona mtamba wa mtu, ila kuna binti humu ndani, pengine aulizwe. Watu wakacheka. Damari akaitwa, akaja na kupiga goti kidogo kuwasalimu wageni.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitika.

"Damari," baba yake alisema, na sauti ikamtetemeka kwa furaha aliyodhani ameificha, "wageni hawa wanasema wanakufahamu. Wewe unawafahamu?"

Damari akamtazama Sostenes. Aliona jasho kwenye paji la uso lile alilolipenda, aliona mikono inavyoparamiana mapajani. Akahesabu moyoni. Akafika kumi. Shangazi mmoja akakohoa mlangoni. Sasa alijua atakachosema ikiwa Sostenes hatainuka, na alijua pia kwamba baada ya kukisema ataumwa na kifua kwa miaka.

Kiti kikalia. Sostenes alikuwa amesimama.

"Baba zangu, mnisamehe," alisema, na sauti ilitoka kavu. "Kabla hajajibu, mimi nina neno. Miaka minne iliyopita niliingia na panga nyumbani kwa baba kumkatia Damari vikonyo vya mti wa bibi. Baba alikwisha kumkatalia. Nikamwogopa baba, nikakata mti dume wa zizini. Nikamdanganya Damari kwamba ni wa bibi. Baadaye nikajua nimemharibia, nikanyamaza tena miaka miwili. Leo ile miti yake yote arobaini imetoa maua ya dume. Hakuna hata mmoja utakaozaa. Kosa ni langu, si la mwingine."

Mzee Alphonce alifunua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika ushenga wake hapakutoka neno.

Mzee Elisha aliinuka polepole mpaka tai yake ikawa sawa na kizingiti cha juu cha mlango. "Kwa hiyo," alisema, "mwanangu ni mwizi na mwongo. Na mimi nimevalishwa nguo hizi nije kuposa, kumbe nimeletwa kuombwa mti."

"Hapana, baba," Damari alisema.

Alisema akiwa amesimama wima. Shangazi zake walisimulia baadaye kwamba hawajawahi kumwona binti wa kuposwa akisimama hivyo, na katika kusimulia walijivuna kama wao ndio waliosimama.

"Mimi sitaki vikonyo kama zawadi ya harusi, wala sitaki mume kwa ajili ya vikonyo. Hayo ni mambo mawili na nayatenganisha mbele yenu. Baba, nilikuja kwako mara mbili kwa adabu. Ulinijibu kwamba mti wa mama yako haukatwi na mtoto wa watu. Mti ni wako, ulikuwa na haki, nami nilikosa kupokea vikonyo bila ruhusa yako. Leo sikuombi kama mkwe, nakuomba kama mkulima. Matumba ya mti ule hayajafumbuka, mti mzee huchelewa, lakini wiki haiishi utakuwa umechanua na muda umepita mpaka mwakani. Ukisema hapana, kesho napanda basi kwenda Mgori. Kule kuna mti wa pili kwa ubora. Nitaanza upya."

"Anza," Mzee Elisha alisema.

"Nitaanza. Lakini nikuambie na hili, maana hakuna mwingine atakayekuambia. Tawi la mashariki la mti wa mama yako limekauka. Nimeliona kutoka barabarani. Ule mti umezeeka, baba. Katika miti thelathini na moja niliyoipima, hakuna wenye mafuta kama yake, na upo mmoja tu duniani. Ukianguka, umekwisha, na jina la mama yako litabaki kinywani mwako peke yako. Mimi nilitaka uwe arobaini."

Mzee Elisha alibaki akimtazama binti yule, taya likicheza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Hiyo miti iko wapi?"

Wakaenda wote. Hebu fikiria msafara ule: wazee wenye tai, shangazi wenye vitenge vya sare, mshenga akiruka miiba kwa viatu vya kukopa, na Mama Yustina nyuma kabisa akiwaza kuku wake wanaopoa. Mzee Elisha aliingia kwenye mistari. Alipita mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akapima kwa macho nafasi kati ya mti na mti. Akainama kuigusa ile alama ya kovu shinani, mahali ambapo mche na kikonyo vilishikana. Alikuwa mkulima tangu utoto, na mkono wa mtu anayejua kazi aliutambua.

"Hii yote ulifunga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Hakuna ulioshindwa kushika?"

"Hakuna."

Akaguna. Kutoka kwake ilikuwa hotuba. Akashika mkia mmoja wa maua, akaunusa. "Huyu ni yule wa zizini, kweli. Mama alikuwa anamwita mvivu. Baada ya Krismasi ninamwangusha, nimemwahidi fundi achonge vinu."

"Baba, usimwangushe!" Damari alisema kwa nguvu kiasi kwamba mshenga aliruka. "Katika eneo lile la kwako amebaki dume huyo mmoja, wengine watu wamemaliza kwa vinu na mizinga. Nyuki hutoka kwake kwenda kwa mti wa mama yako. Huyo mvivu ndiye baba wa kila tunda ulilokula tangu utoto. Ukimkata, mwaka unaofuata mti wa mama utatoa maua na hautazaa hata tunda moja."

Mzee Elisha aliuachia ule mkia wa maua. Alitazama mbali, upande wa nyumbani kwake, na uso wake ukawa wa mtu aliyeponea chupuchupu kwenye korongo bila kujua kwamba lilikuwepo.

"Na hawa wako utawafanyaje?" aliuliza hatimaye, na sauti haikuwa ile ya sebuleni.

"Mizizi ni mizuri, imekwisha kushuka chini, haihitaji maji yangu tena. Nitakata vichwa thelathini na saba, nibebeshe juu ya mashina haya haya. Kwa mizizi hii watazaa mapema kuliko mche mpya. Watatu nitawaacha madume, maana shamba lisilo na dume ni kuni."

"Vikonyo hukatwa saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla jua halijawa kali."

Mzee Elisha akalegeza tai yake, akaivua kabisa, akaikunja na kuitia mfukoni. "Kesho saa kumi na mbili uje na kisu chako. Matawi nitakuonyesha mimi, yale aliyoyapenda mama. Hakuna mwingine atakayekata." Akamtupia mwanawe jicho. "Huyu atashika ngazi."

"Asante, baba," Damari alisema.

Mzee Alphonce, ambaye riziki yake ilikuwa maneno, aliona hapo ndipo pa kujipenyeza. "Basi wazee wangu, mambo ya shamba yamekwisha. Yetu bado. Binti aliulizwa swali na hajajibu."

Macho yote yakarudi kwake. Sostenes alikuwa amesimama pembeni, shati jeupe limelowa mgongoni, akimtazama kama mtu anayesubiri jiwe litoke shimoni, hajui kama lina dhahabu. Hakuomba. Hakukonyeza. Damari alilipenda hilo.

Akaenda stoo, akarudi na msumeno wa kupogolea. Akamnyooshea Sostenes.

"Anza na huu. Usawa wa kiuno."

"Leo? Na nguo hizi?"

"Leo. Wakikuona."

Sostenes akaupokea. Akakunja mikono ya shati, akapiga goti kwenye mchanga na suruali yake ya posa, akaanza kukata. Msumeno ulilia, nyuki wakatawanyika, mikia ya maua ikamdondokea kichwani na mabegani. Alikata bila kupumzika, na katikati ya kazi Damari aliona machozi yanamchuruzika, wala hakuyafuta. Kichwa cha mti kikalala chini, kimejaa maua yake yote. Mbele ya Damari likabaki shina fupi, imara, lenye utomvu mbichi, lililo tayari.

Sostenes akainua uso. "Mwingine?"

Damari aliinama, akamtoa ua moja lililonasa kwenye ndevu zake. Alifanya hivyo mbele ya baba wawili na shangazi watano, bila haraka. Kisha akamgeukia mshenga, kilemba kimekaa sawa, kidevu kimeinuka.

"Mzee Alphonce, waambie warudi wakapakue kuku. Wageni hawa ninawafahamu. Huyu hapa nimemfahamu leo, na ninamkubali. Ila atachelewa kula, amebakiza miti thelathini na sita."